Fundi Vibao na Sura ya Shangazi

Mara ya kwanza nilipomwona Fundi Vibao amelala ndani ya jeneza, nilipiga yowe mpaka mama lishe wa kona akatoka na mwiko mkononi. Mara ya pili nilimpelekea chai.

Ilikuwa hivi. Seremala wa majeneza aliyekuwa ng'ambo ya barabara yetu, hapa Isevya mjini Tabora, alimwagiza kibao cha duka. Mchoraji mwingine angeandika "Majeneza Bora", akachora msalaba upande mmoja na mwezi na nyota upande wa pili, akaenda zake. Fundi alivua viatu, akaingia kwenye jeneza lililoanikwa nje, akalaza kichwa na kufumba macho. Mimi nilikuwa napita na mzigo wa vitambaa. Vitambaa vyote nilivitupa barabarani.

"Punguza sauti, jirani," alisema bila kufumbua macho. "Nipo kazini."

"Kazi gani hiyo, Fundi?"

"Naonja."

Tatizo ni kwamba vanishi ilikuwa haijakauka. Seremala alimvuta mikono, mimi nikashika jeneza, na Fundi alitoka bila mgongo wa shati. Lakini alitoka na kibao chake tayari kichwani. Kesho yake kilitundikwa: MAJENEZA. MIGUU HAIBANWI. Seremala alinuna. Baada ya muda alikuja kulalamika kwangu, ingawa aliyelalamikiwa alikuwa hatua chache tu pembeni.

"Wafiwa wanacheka, Mama Salome. Mtu anakuja analia, anasoma kibao, anacheka, halafu anaona aibu. Kwa ile aibu ananunua bila hata kuomba apunguziwe."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Alifikiri. "Hata sijui," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Fundi alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kumuuliza. Nilipohamia na cherehani yangu alikuwa tayari ni Fundi Vibao, na kibanda chake na baraza yangu vilitenganishwa na bati moja lenye kutu. Kupitia bati hilo nilimsikia miaka mingi akigombana na kazi zake. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na brashi aliichomeka sikioni. Ikitokea akajikuna sikio akiwa amesahau, basi siku hiyo anashinda na sharubu ya kijani.

Kuchora tu hakukumtosha. Alitaka kupata namna kamili ya kuchora, na namna hiyo aliiita "utaratibu wangu". Alikuwa akiutengeneza upya kila mara kama mtu mwenye baiskeli mbovu: leo anakaza hapa, kesho panalegea pale. Ukimuuliza habari za nyumbani, anakujibu habari za utaratibu.

"Shikamoo Fundi, mmeamkaje?"

"Marahaba. Utaratibu unanisumbua magoti."

Kuna msimu aliamini kwamba mawazo hayamfuati mtu aliyekaa. Alisema wapagazi wa zamani waliopita hapa Tabora na mizigo yao walikuwa wakitunga nyimbo njiani, na hakuna aliyewahi kusikia wimbo mzuri wa mpagazi aliyeketi. Basi akabeba ubao mtupu kichwani, akashika njia ya Kwihara ili kichwa kipate wazo kutoka kwa mzigo. Njiani watu walimpa pole. Walidhani kafukuzwa nyumba na amebahatika kuokoa mlango. Jioni alirudi mikono mitupu. Kuna mtu alikutana naye, akaupenda ubao, akaununua awekee banda la kuku.

"Na wazo je?" nikamuuliza.

"Wazo lilikuwa kwenye ubao."

Kanuni ya kuonja, hata hivyo, hakuiacha. Mama lishe wa kona, yule wa mwiko, alimwomba amchoree vyakula vyake vyote: ugali na sato, wali na maharage, ndizi, mlenda. Fundi akasema hawezi kuchora sato asiyemjua. Akala sato. Akala wali, ndizi na mlenda, akaomba ugali tena kwa sababu wa kwanza hakuusikiliza vizuri. Ndipo akaanza kuchora. Alipomaliza, mama lishe aliuangalia ubao, akauzungukia nyuma kuona kama chakula kiko upande ule.

"Fundi, mbona umechora sahani tupu?"

"Ndivyo ilivyokuwa nilipoanza kuchora."

Ile sahani tupu, na mfupa mmoja wa samaki pembeni, mpaka leo iko pale. Wapita njia wanaiona wanasema, hapa chakula kinaisha, tuwahi.

Lakini msimdhanie kuwa mtu wa msimamo. Alipoandika kibao cha duka la dawa hakuonja hata panadoli. Alihubiri kwamba kazi isiyokamilika haitazamwi, na hapohapo alikuwa akimwita kila anayepita, hadi muuza maji, aje aitazame. Alisema msanii hufanya kazi kwa utulivu, huku redio yake ikinguruma mpaka bati letu linatetemeka. Nikimwomba aipunguze, anasema akiipunguza ataanza kujisikia mwenyewe, na yeye mwenyewe anaongea sana.

Hata kazi yangu aliiingilia. Kulikuwa na gauni la dada wa bibi harusi lililonikataa kabisa. Mikono yake kila nikiishona inakaa kama masikio ya mbuzi. Fundi akachungulia juu ya bati.

"Jirani, kazi ikikataa, badilisha kiti."

"Kiti hakina kosa."

"Umewahi kukiuliza?"

Nikageuza cherehani, nikatazama barabara badala ya ukuta. Kweli nilichangamka. Nilimwona kila aliyepita, nikamsalimia, nikaulizia watoto, na kufikia alasiri mkono mmoja wa lile gauni ulikuwa umeshonwa imara shingoni. Nilipomwonyesha, aliutazama kwa heshima kubwa. "Umeona?" akasema. "Utaratibu umeanza kukuingia."

Sasa nifike kwenye sura za watu, maana hapo ndipo palipokuwa na msiba wake.

Fundi alijua kuchora kuku, tairi, jino, hata moshi. Sura ya mtu ilimshinda. Kwa usahihi zaidi, alijua moja tu. Alipoanza kazi, shemeji yake, yaani mdogo wa kiume wa mkewe, alikuja kutembea nyumbani kwake wiki moja, na wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kwa kuwa shemeji alikuwa hana shughuli na alijua kukaa kimya, Fundi alimweka kwenye kigoda akajifunzia sura. Akaijua vizuri mno. Kuanzia hapo, kila kichwa kilichotoka kwenye brashi yake kilikuwa cha shemeji. Vinyozi wote wa Isevya walikuwa na shemeji: shemeji mwenye panki, shemeji aliyenyoa kipara, shemeji mwenye ndevu za duara. Kwenye saluni ya wanawake alikuwepo shemeji mwenye rasta ndefu na hereni. Kwenye zahanati fulani, kibao cha kliniki ya wajawazito kilimwonyesha shemeji akiwa na tumbo la miezi minane, anatabasamu.

Shemeji mwenyewe alikuwa akiendesha bodaboda, na kazi ilimwia rahisi kwa sababu kila abiria alihisi anamfahamu. Askari mmoja alimsimamisha akamkagua uso muda mrefu. "Wewe nimekuona mahali," akasema. "Sikumbuki ni wapi, ila ulikuwa umesuka."

Aliyekuwa hacheki ni mke wa Fundi. Mtaa mzima tulimwita Shangazi. Aliuza vitumbua asubuhi mbele ya kibanda, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye kasi. Miaka yote niliyowajua, Shangazi alikuwa na ombi moja tu kwa mumewe: amchore. Hakutaka picha kubwa. Ubao mdogo tu, wa kutundika kwenye meza yake ya vitumbua.

"Utaratibu bado haujakomaa," Fundi alimjibu kila mara. "Nikikuchora sasa nitakuharibu."

"Kama kunichora ni kuniharibu, jua limeshakutangulia," Shangazi alisema, akageuza kitumbua.

Najua Fundi alikuwa anaogopa. Kupitia bati nilimsikia akijaribu. Alikuwa anachora, kimya, halafu anaguna "Hapana," halafu nasikia msasa ukifuta ubao. Hakuna sauti niliyoichukia kama ile ya msasa.

Safari ya kwenda Choma, huko kwa wafugaji, aliifanya kwa ajili ya hilo, ingawa alisema ni kazi. Mfugaji mmoja wa huko alikuwa anafungua bucha mjini, akataka kibao chenye picha ya fahali wake, si fahali wa kubuni. Fundi akaniambia, "Msukuma anawajua ng'ombe wake kwa sura, mmoja mmoja. Nikijua anavyowajua, nitajua kuchora watu." Akaenda. Akalala jirani na zizi, akawafuata ng'ombe malishoni na ubao wake, akarudi anatembea kwa kuinamisha kichwa na kunusa upepo. Siku ya kukabidhi, mfugaji aliutazama ubao, akavuta pumzi.

"Fundi, umechora vizuri sana. Ni yeye kabisa, hata lile kovu la bega lipo."

Fundi akatuangalia sote kwa zamu.

"Lakini huyu si wangu. Huyu ni wa jirani yangu."

Kumbe siku zote zile alikuwa akimfuata fahali asiye wa mteja wake. Jirani mwenyewe alipopata habari alikuja mpaka mjini kuona, akasema naam, ni wake, na akataka kujua nani aliruhusu achorwe. Mwishowe akaununua ubao akaenda nao Choma. Mfugaji wa kwanza akafungua bucha yenye picha ya kisu. Fundi alikuwa na furaha isiyo kifani. "Umeona, jirani? Nimechora mtu mahususi!"

"Ng'ombe, Fundi."

"Ni mwanzo."

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi uleule, karibu na stendi, likafunguliwa duka la kuchapa mabango ya plastiki. Unapeleka picha kwenye simu, unakunywa soda, unarudi, bango liko tayari, na sura ni ya mtu mwenyewe hadi chunusi. Wateja wa Fundi wakaanza kupita mbele ya kibanda wakiwa wamekunja mabango yao kwapani, wanamsalimia huku wakitazama upande mwingine.

Akaamua kuongeza mwendo. Aliacha kuonja, aliacha kutembea, akashika brashi mbili kwa pamoja. Ni wakati huo ambapo mwenye nyumba mmoja, aliyechoshwa na wanaume waliougeuza ukuta wake choo, alimwomba aandike onyo kwa herufi kubwa. Fundi aliandika haraka, akaondoka haraka. Katika haraka hiyo, lile "si" likabaki kwenye kopo. Ukutani palisomeka: UKOJOE HAPA.

Wanaume wa Isevya, ambao hawajawahi kutii tangazo lolote, hilo walilitii. Wengine walitoka mitaa ya mbali. Mwenye nyumba alikuja kibandani, na Fundi akaenda kuongeza hiyo "si", lakini nafasi haikutosha, akaiandika juu kidogo, mbali, kama kitu kilichoongezwa na mtoto mtukutu. Hakuna aliyeiamini.

Baada ya hapo aliketi. Sikumsikia akigombana na kazi, wala sikuisikia redio. Nilipochungulia juu ya bati nilimkuta anasafisha brashi ambazo zilikuwa safi.

Na katika hali hiyo ndipo Shangazi alipofanya alichofanya. Asubuhi moja nilikuta kwenye meza ya vitumbua bango jipya la plastiki linang'aa: VITUMBUA VITAMU, na Shangazi mwenyewe, amejifunga kilemba, anatazama mbele. Fundi alikuwa amesimama mbele ya bango, brashi sikioni.

"Umenizunguka," alisema taratibu.

"Nimekungoja," Shangazi akajibu. "Nimekungoja mpaka nimeota mvi, baba. Nataka watu wajue nilivyo kabla sijawa mwingine."

Nilijifanya nashona. Sikuwa hata na uzi.

Hapo akatokea mteja wa kwanza, kijana wa chipsi, akalitazama bango, akakodoa. "Shangazi," akasema, "mbona umeweka tangazo la kinyozi?"

Tukageuka wote. Tukalitazama bango. Kisha, kama watu waliovutwa na kamba moja, tukatazama kibao cha kinyozi wa ng'ambo. Ilikuwa sura ileile. Paji lilelile, mashavu yaleyale, na ule mdomo unaotaka kucheka ukajizuia. Shangazi na mdogo wake walifanana kama vitumbua vya chuma kimoja, na sisi miaka yote hatukuwahi kuliona, kwa sababu Shangazi alikuwa ameinamia jiko siku zote.

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo uso wangu uko kwa vinyozi wote wa Isevya, na ndevu!"

"Mimi nilijua ni shemeji," Fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Na kliniki!"

"Kliniki angalau ulistahili."

Alirushiwa kitumbua. Akakidaka, akakila, na akiwa anatafuna nikaona macho yake yamebadilika. Alimeza. "Mke wangu," akasema, "hivi kazi yako sijawahi kuionja." Shangazi akamwambia ameila tangu siku ya ndoa. "Kula nimekula," akasema Fundi. "Kuonja bado."

Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye jiko. Alisaga mchele, alikoroga unga, alipuliza moto mpaka nyusi zikapungua. Alipogeuza vitumbua kwa mpini wa brashi, kimoja kikatoka na rangi ya bluu, na mteja aliyekipata akarudi kuuliza kama vipo vingine. Shangazi alimfukuza mara kadhaa, lakini hakuondoka. Na kwa kuwa safari hii alikaa upande wa pili wa jiko, alikuwa akimtazama mkewe usoni saa zote, kitu ambacho sidhani kama alikuwa amekifanya tangu shemeji alipokalia kile kigoda. Shangazi alikuwa anaona haya kama mwali. "Tazama vitumbua," alikuwa akisema.

Halafu akachora. Sikusikia msasa. Nilisikia brashi tu, siku nzima, na jioni aliita, "Njooni!"

Tulikuwa mimi, shemeji na Shangazi. Ulikuwa ubao mdogo. Mwanamke ameketi, moshi umempitia kushoto, na uso umeinuliwa kama aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Sura haikuwa ya shemeji, hilo sote tuliliona mara moja. Haikuwa ya Shangazi pia. Ilikuwa ya mtu mzima zaidi, mwenye mikunjo kando ya macho.

Fundi alianza kukunja shingo. "Imekataa," akasema. "Nileteeni msasa."

"Usiuguse!" Shangazi alisema. Alipiga magoti mbele ya ubao. "Huyu ni mama."

Shemeji akavua kofia yake ya bodaboda. "Mama kabisa," akasema.

Mama yao alikuwa hai, huko Usinge, peke yake na shamba lake. Kila mwezi Shangazi alimtumia sukari na mafuta kwa treni, lakini mwenyewe alikuwa hajafika miaka. Vitumbua havimpi mtu likizo. Fundi alikuwa amemwona mkwewe mara chache tu, akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, na hakuna anayejua sura ile aliitoa wapi. Shangazi aliutazama ubao mpaka giza likaingia. Kisha akasema, "Mama amezeeka hivi, na mimi nakaanga tu." Mwezi haukuisha, wakafunga mizigo kwenda Usinge. Shemeji alibaki na chumba, na pikipiki, na umaarufu wake. Mimi nikabaki na bati.

Mwaka jana mteja wangu wa Usinge aliozesha binti, nikapanda treni ya kwenda Kigoma kupeleka nguo za harusi mwenyewe. Nilipomaliza nikauliza nyumba ya Fundi Vibao, wakanielekeza: fuata shamba la mahindi, utamsikia kabla hujamwona. Ikawa hivyo.

Alikuwa ameketi barazani juu ya gunia la karanga, amenyoosha shingo, anaongea. Bibi kizee, mama yake Shangazi, alikuwa ameketi mkekani anapepeta mahindi. Na mbele ya Fundi alisimama Shangazi, na mkononi ameshika brashi.

"Shikamoo Shangazi! Shikamoo Fundi! Shikamoo bibi!"

"Marahaba, Mama Salome, karibu mwanangu," Shangazi akasema bila kugeuka. "Wewe, usitikisike."

"Namsalimia mgeni!"

"Msalimie kwa macho."

Nikaenda nikasimama nyuma ya Shangazi. Nikautazama ubao. Alikuwa Fundi mwenyewe: ile shingo iliyopinda, lile sikio lenye doa, yale macho ya mtu aliyekaribia kupata jambo na jambo likamponyoka. Sijawahi kuona sura iliyochorwa ikafanana na mwenyewe namna ile.

"Jirani," Fundi alininong'oneza kwa upande wa mdomo, kama anayeshtaki kwa hakimu, "huyu mwanamke hana utaratibu wowote. Hatembei. Haonji. Habadilishi kiti. Anamaliza kupika, ananawa mikono, anachora! Nimemuuliza unafanyaje, ananiambia 'nakutazama tu'. Hiyo ni njia gani?"

"Imemkubali, Fundi."

"Ndiyo inayoniuma!" Lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, na kila mara alikuwa akijaribu kuchungulia ubao.

Bibi kizee akaacha kupepeta, akasogea, akautazama ubao kwa muda. Akamtazama mkwewe, akautazama tena.

"Umempata," akamwambia bintiye. "Ila mbona mdomo umeufunga?"

Shangazi alichovya brashi kwenye kopo, akaukaza ule mstari wa midomo mara moja zaidi.

"Mama," akasema, "niachie na mimi nipumzike, angalau huku ubaoni."